Bwana Makosa wa Khuwair

Siku ya pili ya matanga ya Ami Nassor, mama mmoja ambaye hakuna kati yetu aliyemjua aliinuka katikati ya ukumbi wa wanawake ili atuonyeshe jinsi marehemu alivyokuwa akianguka. Alikuwa ametoka mbali, mwendo wa saa nne kwa gari, na alipoulizwa ana udugu gani na wafiwa alijibu kwa Kiarabu kwamba hana udugu wowote. Jirani yake ndiye aliyemwonyesha picha ya marehemu kwenye simu, naye akaujua uso. "Ni yule bwana wa ngazi," alisema. Akakusanya abaya yake kwa mkono mmoja, akapanda ngazi isiyokuwepo, akakodolea macho kitu fulani huko juu, akakosea kukanyaga. Wanawake walicheka hadi waliokuwa varandani wakachungulia. Mimi nilianza kufikiri, kama kawaida yangu, iwapo inafaa kucheka msibani, na kama haifai, je, lawama ni ya anayechekesha au ya anayecheka, na mimi niliyetabasamu tu nihesabiwe upande gani. Nilimtazama Bi Zuwena, mjane wake, ameziba mdomo kwa leso na mabega yanamtikisika. Sikuweza kujua analia au anacheka. Baadaye aliniambia vyote viwili.

Nina miaka ishirini na saba, na najua huu si umri wa kuandika kumbukumbu. Lakini nilipotoka ukumbini siku ile nilikaa ndani ya gari bila kuliwasha, nikaona kwamba katika wanawake wote waliokuja, pengine ni mimi peke yangu niliyemwona Ami Nassor akifanya kazi yake, na kwamba nisipoandika sasa nitaanza kupima kila neno mpaka nisiandike kabisa. Basi naandika juu ya mwaka mmoja tu, ule niliomaliza chuo.

Nilikuwa na shahada ya utunzaji wa nyaraka na woga wa kila kitu. Usaili wa kazi niliufanya mara sita mwaka ule. Katika ule wa tatu, kwenye ofisi moja hapo Khuwair, Maskati, bwana mmoja mpole aliniambia kwa upole kabisa, "Tueleze kuhusu wewe," nami nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa napima ni mimi yupi wanayemtaka. Nilinyamaza kiasi kwamba aliniletea maji. Jioni hiyo nilimsikia mama jikoni akizungumza na shangazi, mvuke wa wali ukiwa umejaa hadi koridoni, wakidhani nimelala. "Si kwamba hana akili," mama alisema. "Anazo nyingi mno, zinamkwaza." Shangazi akajibu, "Basi mpeleke kwa Nassor. Mkewe haendeshi, na mzee kila wiki ana miadi ya daktari. Akamwendeshe gari. Angalau ataliona jua." Ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza, isiyo na mshahara wala usaili.

Ami Nassor hakuwa ami yangu wa damu. Alikuwa ami wa kila mtu. Yeye na Bi Zuwena waliishi Khuwair ya Kusini, ghorofa ya pili, juu ya duka la dobi, na nyumba yao ilinukia nguo zilizopigwa pasi wakati wote, hata Bi Zuwena akikaanga ngisi. Sebule ilikuwa na mito ya kuegemea pande tatu, na upande wa nne kioo kirefu kinachoanzia sakafuni. Nilipokwenda mara ya kwanza nilidhani kioo ni cha Bi Zuwena. Akacheka. "Mie nna kioo kidogo cha bafuni, kinanitosha. Hicho cha bwana. Amekitazama kuliko alivyonitazama mie." Tulikuwa tunakula mkate wa ufuta na mchuzi wa papa siku hiyo, na Ami Nassor, bila kuinua kichwa, akamega mkate, akauchovya, akaupeleka sikioni. Akashangaa mbona haumezeki. Akaujaribu kwenye sikio la pili. Nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alipofika Maskati kutoka Unguja, kijana mwenye Kiarabu cha chuoni tu, ofisi moja ya serikali ilikuwa ikitengeneza filamu fupi za kufundisha watu: maji yachemshwe, barabara ivukwe vipi, ngazi isimamishwe vipi, dawa ziwekwe mbali na watoto. Filamu hizo hazikuwa na maneno hata moja. Nchi ilikuwa na watu wa Kiarabu cha aina nyingi, na Wabaluchi, na sisi tuliorudi kutoka Unguja na bara na Kiswahili chetu, na watu wa milimani wenye lugha zao, na mwenye filamu alikuwa amechoka kutafsiri. Alihitaji mtu wa kukosea. Ami Nassor alikosea kwa miaka kumi na moja. Alikunywa maji ya kisima kichafu, alivuka barabara akiangalia ndege, aliacha kibiriti karibu na mafuta. Gari lenye projekta lilizipeleka filamu hizo vijijini na kuzionyesha ukutani, na watu wakampa jina, Abu Ghalat, Bwana Makosa. Hata sokoni watoto walimfuata wakimkataza kununua samaki. Kisha televisheni ikaingia kila nyumba, ofisi ikahama, ikahama tena, na filamu hazikuonekana tena. Mimi, msomi wa nyaraka, nilimuuliza nakala ziko wapi. Alinyoosha kidole kwenye uso wake.

Ndiyo maana miadi moja ya daktari mwaka ule ilikuwa nzito. Nilikuwa nimekaa pembeni nikishika faili lake, nikasikia yote. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka tangu mwaka uliotangulia, hilo tulilijua. Jipya lilikuwa kwamba maradhi haya hukaza pia misuli ya uso. Polepole, daktari alisema, uso utatulia, na sauti itakuwa ndogo. Ami Nassor aliuliza swali moja tu. "Muda gani?" Daktari akasema hakuna anayeweza kujua, pengine miezi, pengine zaidi. Tulirudi kwa gari mpaka kwenye mzunguko wa mwisho kabla ya nyumbani kwake. Hapo akashusha kioo cha jua, kile kidogo kilicho mbele ya abiria, akajitazama akiinua nyusi moja, kisha ya pili. "Asya," aliniambia, "nnataka kukosea mara moja tena. Vizuri. Kabla haujafungwa uso huu."

Nilirudi nyumbani nikaandika orodha ya sababu kumi na nne za kutowezekana. Hatukuwa na kamera, hatukuwa na hadithi, hatukuwa na mtu wa kutazama. Siku ya tatu, nikiwa kwa Ami Nassor, akaja Hamed, mtoto wa rafiki yake, ambaye wazazi wake walirudi kutoka Tabora na ambaye ana gereji kubwa Wadi Kabir. Bi Zuwena alimwekea kahawa na halua, naye akaiacha halua kama ilivyo. "Shikamoo mzee. Mimi leo sina raha kabisa," alisema. Fundi wake mmoja aitwaye Alam, Mbangladeshi, alikuwa akikata chuma kwa grenda bila miwani ya kinga, cheche ikamruka. Madaktari waliliokoa jicho, lakini kwa bahati tu. "Na maandishi nimeyabandika ukutani, Kiarabu na Kiingereza, makubwa hivi! Nani asome? Nina mafundi thelathini, kila mmoja na lugha yake. Nikiongea wanaitikia 'yes, boss', halafu wanaendelea vilevile."

Ami Nassor aliweka kikombe chini. Mkono ulitetemeka, kikagonga sinia. "Usiwaambie," alisema. "Waonyeshe mtu mjinga kuliko wao."

"Nani huyo, mzee?"

"Unanikosea adabu, Hamed. Umekaa mbele yake."

Tulirekodi siku za Ijumaa asubuhi, gereji ikiwa imefungwa. Kamera ilikuwa simu yangu juu ya stendi. Hamed alitupa ovaroli, na Ami Nassor akaivaa juu ya kanzu, kofia yake ya viua ikiwa kichwani, kwa sababu, alisema, mjinga lazima ajione nadhifu. Grenda ilichomolewa umeme. Niliukagua waya mara tatu kila tukianza, na mara ya nne nikauzungushia mkono wangu ili niwe na hakika kwamba ncha yake ninayo mwenyewe. Alifanya makosa manane, yakiwemo haya: aliingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tu, alivuta sigara penye petroli, alipapasa betri kwa mikono yenye maji, mwishowe grenda bila miwani. Na kila kosa alilifanya kwa namna moja. Alikuja na shughuli zake, akakaribia hatari, kisha, kabla ya kuigusa, akasimama. Alisimama mkono ukiwa hewani, na kwa mkono mwingine, uliofichwa na paja, alihesabu vidole: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Ndipo akakosea.

"Mbona unasimama, Ami?" nilimuuliza Ijumaa ya kwanza.

"Hapo si pangu," alisema. "Hapo pa watu." Kisha Hamed akaingia na chai ya maziwa na chapati za mayai, tukala juu ya boneti ya gari la mtu, na mimi sikuuliza zaidi. Nilidhani nimeelewa. Hilo ndilo tatizo la mtu anayefikiri sana: akishachoka kufikiri, hukubali jibu la kwanza.

Nilipokaa kuiunganisha filamu, zile nafasi za kusimama zilinitesa. Ilikuwa wiki ya usaili wa tano, ambao nao nilinyamaza, na kila nilipomwona Ami Nassor amesimama mkono hewani nilijiona mimi kwenye kiti cha usaili. Nilijiuliza pia kama ni maradhi yanayomfanya asite, na kama watu wakiona watamhurumia, jambo ambalo asingelipenda. Nikazikata. Zote nane. Filamu ikawa ya dakika nne badala ya nne na nusu, nyepesi, ya haraka, kama vitu ambavyo watu hutazama kwenye simu zao. Na kwa kuwa simu ilikuwa imejaa na ilikuwa ikikataa hata kupokea ujumbe, nikafuta picha za awali. Mimi, mwenye shahada ya kutunza nyaraka. Nimekwisha kuligeuza kosa hilo kila upande miaka yote hii na bado sijalipatia upande mzuri.

Hamed aliionyesha wakati wa chakula cha mchana, katika chumba cha mafundi, shuka jeupe limetundikwa ukutani. Ami Nassor alikuwa amekwenda kliniki kwa teksi na Bi Zuwena. Nilikwenda peke yangu. Mafundi walikula wali na dengu wakitazama. Mmoja alitabasamu kwenye kosa la sigara. Mwingine alipiga miayo. Alam, yule wa jicho, alimaliza chakula chake, akanawa, na nilipopita uani baada ya robo saa nikamkuta anakata bomba, miwani imekaa juu ya paji la uso. Hamed alinitazama kwa huruma. "Dada Asya, tumejaribu," alisema. "Ni filamu nzuri, usivunjike moyo. Tatizo ni hawa watu."

Siku kumi sikumwambia Ami Nassor. Nilipanga namna ya kumwambia. Niliandika hata maneno. Siku niliyofungua mdomo hatimaye, ilikuwa baada ya chakula, Bi Zuwena anakusanya sahani, na sikutumia neno hata moja katika yale niliyoandika. "Ami, nilikata pale unaposimama. Nimefuta. Haiko tena."

Bi Zuwena akabaki na sahani mkononi. Ami Nassor alinitazama, na wakati huo nikaona kile ambacho kwa siku kumi za woga wangu sikukiona: hasira ilikuwa machoni tu. Uso wote uliobaki ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini.

"Umewaziba watu midomo," alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mimi nikisimama, wao ndio wanaosema. Mwenye kukukataza jambo kwa kelele zake mwenyewe halisahau. Sikuwafundisha watu mimi, Asya. Niliwaacha wanifundishe."

"Nitazichukua picha zilizobaki, nitazisimamisha kwenye kompyuta..."

"Wapi. Hiyo itakuwa picha. Mtu aliyesimama na picha iliyosimamishwa, watu wanavitofautisha." Akageukia kioo kirefu. Akajaribu kuinua nyusi. Akajaribu tena. Nilimwona akijaribu mshangao, kisha ujinga, kisha ile furaha ya mtu anayejiona nadhifu, na kioo kikamrudishia uso uleule mmoja. Bi Zuwena alisema taratibu, "Bwana, si lazima." Akamjibu bila kugeuka, "Ijumaa saa mbili. Asya, njoo na simu tupu."

Ijumaa ile tulianza na jeki. Alijaribu mara tano na kila mara tulipotazama kwenye simu tuliona mzee mwenye huzuni amesimama karibu na gari. Hakuna ambaye angemcheka, na hakuna ambaye angemkataza. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akaomba maji. Nilitaka kusema tuache, na kwa kweli nilikuwa nimeshaipanga sentensi. Badala yake nilijisikia nikisema, "Ami, yule mama wa dobi chini ya nyumba yako ananiambia anakujua kwa mgongo, unapopanda ngazi. Anajua kama umefurahi au umekasirika." Haikuwa na maana kubwa, nilisema ili nisinyamaze. Kisha akainuka, akaligeuzia gari uso wake, na kwangu akanipa mgongo.

Sijui niueleze vipi mgongo ule. Ulikuja na majivuno. Mabega yalilisalimia gari, kiuno kikasema "hii kazi ndogo sana," shingo ikainama kuchungulia chini ya injini, na alipofika pale pa kusimama, mgongo wote ukawa swali. Nilisahau kuzima simu. Hamed, aliyekuwa mlangoni, alisema polepole, "Mzee, tafadhali usiingie," na mimi nikajua tumepata. Tulirudia makosa saba asubuhi hiyo bila kupumzika. Nilimwambia apumzike, akaniambia atapumzika kaburini na huko hakuna anayekosea.

La nane lilikuwa grenda. Hapo mgongo haukutosha, kwa sababu ilibidi mkono uonekane ukielekea kwenye chuma. Nilisogeza simu karibu, mkono na grenda tu, kofia na sehemu ya shavu kwa mbali. Aliinyanyua kwa mikono miwili, akailaza, akapeleka mkono wa kulia kuwasha. Akasimama. Na mkono ukatetemeka. Haukutetemeka kwa kuigiza. Ulitetemeka wenyewe, juu ya lile gurudumu la kukatia chuma. Nikaikaza ncha ya waya niliyokuwa nayo mkononi. Vidole vilivyofichwa vikahesabu, na hakuishia vinne. Alifika saba.

"Ulionekana mtetemeko?" aliniuliza tulipomaliza.

"Umeonekana, Ami. Tunaweza kurudia, ukiushika kwa..."

"Usiuguse," alisema. "Leo umefanya kazi nzuri."

Usiku sikukata kitu. Niliziunganisha tu, nikaweka nakala sehemu tatu.

Tulipokwenda kuionyesha, alikuja mwenyewe. Njiani, karibu na kushuka Wadi Kabir, aliniambia jambo ambalo sikuwahi kufikiri kumuuliza: miaka yote kumi na moja hakuwahi kukaa na watazamaji. Gari la projekta likienda vijijini, yeye alibaki kukosea makosa ya filamu inayofuata. Alijua tu kwa kusimuliwa na dereva. Katika chumba cha mafundi aliketi nyuma kabisa, kwenye benchi, mimi kushoto kwake, Hamed kulia. Alikuwa amevaa kanzu safi, na hakuna fundi aliyemtambua, kwa kuwa filamu ya kwanza waliitazama juujuu wakila, na tangu hapo uso wake ulikuwa umebadilika.

Kwenye jeki chumba kilikuwa kimya. Kwenye petroli, mgongo ulipojipapasa mifukoni kutafuta kibiriti na kusimama, mtu mmoja mbele aliguna. Mwingine akasema neno kwa Kihindi, wengine wakacheka, na yule mjinga akawasha. Kwenye betri sauti zilikuwa tano au sita, na sahani zilikuwa zimewekwa chini. Walikuwa wameshaelewa kwamba anawangoja. Kila aliposimama walimrukia kwa Kimalayalam, Kiurdu, Kiarabu cha Sudani, Kiamhari, kijana mmoja wa Tanga akimwambia mzee wa watu apishe mbali, na kila mara hakuwasikia, nao wakazidi kukasirika kwa furaha.

Kisha mkono ukatokea juu ya grenda, peke yake, ukitetemeka. Alam aliinuka. Aligonga jicho lake mwenyewe kwa kidole na kupiga kelele, "Chokh! Chokh!" na hakukuwa na aliyehitaji tafsiri. Wote wakainuka. Moja, mbili, tatu, nne. Bado mkono umesimama. Na katika ghasia ile nikasikia kulia kwangu sauti ndogo, kavu, iliyokazana ipate kupita juu ya sauti thelathini. Ami Nassor alikuwa amesimama, ameshika bega la Hamed, uso wake haukuonyesha kitu, na alikuwa akimkemea mtu yule wa kwenye shuka kwa nguvu zote zilizomo kifuani mwake:

"Wee! Wee mpumbavu! Huna macho mengine! Vaa miwani!"